Maji yakigeuzwa njia: mwongozo kamili wa kupima athari za mabanio na mifereji kwa samaki wa asili na wanyama wanaolindwa

Mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, nilisimama juu ya banio la zege, yaani ukuta unaogeuza maji ya mto yaingie mferejini, kwenye mto mmoja wa bonde la Usangu, kusini mwa Tanzania. Kushoto kwangu mfereji ulikuwa umejaa mpaka ukingoni, maji yanakimbia. Kulia, ulikokuwa mto wenyewe, palikuwa na mchanga, mawe makavu na dimbwi moja lisilozidi ukubwa wa chumba cha kulala. Ndani yake perege wadogo walikuwa wamepanda juu, midomo imegusa hewa, wanahema. Mzee aliyenisindikiza aliniambia, "Mwanangu, hawa kesho kutwa hawapo." Nilirudi siku ya nne. Nilikuta tope lililopasuka na nyayo za korongo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mashamba yaliyokuwa yakipelekewa maji yale yalishavunwa tangu mwezi wa sita. Maji yalikuwa yanapita kwenye majaruba matupu na kuishia porini.

Tangu siku ile nimekuwa nikisaidiana na kamati za mazingira za vijiji na jumuiya za watumia maji kupima mito yao. Ninaloamini kuliko yote ni hili: samaki haishi kwa wastani wa mwaka. Mto unaweza kupitisha maji mengi mno kwa mwaka na bado ukaua kila kilichomo kwa wiki tatu za mwisho wa kiangazi. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa zinalenga zile wiki chache ambazo ndizo zinazoamua nani abaki na nani apotee.

Kwanza, elewa mfano wa Ruaha Mkuu

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, yakashuka bonde la Usangu, yakaingia katika ardhioevu ya Ihefu, kisha yakatoka kupitia kizingiti cha mwamba kiitwacho Ng'iriama kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na hatimaye mabwawa ya Mtera na Kidatu. Ihefu ni kama beseni lenye mdomo. Maji yakishuka chini ya mdomo ule, hakuna kinachotoka, hata kama beseni lenyewe bado lina maji. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikauka ndani ya hifadhi, na tangu hapo kukauka kila kiangazi kumekuwa jambo la kawaida, kwa makumi ya kilomita.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza nia ya kuurudisha mto kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Mto uliendelea kukauka. Naamini sababu kubwa ni kwamba jitihada zilielekezwa kwa watu na mifugo waliokuwa ndani ya ardhioevu, wakati mabanio ya juu yaliendelea kuchukua maji ya kiangazi yaleyale. Ukitaka kuwasaidia samaki, anza kwenye geti la banio.

Hatua ya 1: Chora njia ya maji

Chukua karatasi kubwa, kaa na wazee, wavuvi na wakulima wa eneo lako, mchore mto kutoka juu hadi chini. Weka kila banio, mfereji, pampu, bwawa, kijito kinachoingia na mahali maji ya mashamba yanaporudi mtoni. Waulize wavuvi madimbwi yasiyokauka yako wapi na yanaitwaje. Dimbwi lenye jina kwa kawaida ni dimbwi lenye umri. Siku moja inatosha kwa kazi hii, na bila ramani hiyo utapima mahali pasipofaa.

Hatua ya 2: Pima maji katika sehemu tatu, siku moja

Utahitaji kamba ya mita 10, mti ulionyooka uliowekwa alama za sentimita, saa yenye sekunde (ya simu inatosha) na malimao machache. Limao linafaa kwa sababu huelea likiwa limezama sehemu kubwa, kwa hiyo upepo hauliyumbishi, na likipotea si hasara wala uchafu.

Pima juu ya banio, ndani ya mfereji na chini ya banio. Katika kila sehemu tafuta kipande kilichonyooka, kisicho na mawe makubwa. Pima upana. Pima kina katika sehemu tano kuvuka mto, utafute wastani wake. Tupa limao katikati ya mkondo, hesabu sekunde linazotumia kupita zile mita 10. Rudia mara tano.

Kwa mfano, mto wenye upana wa mita 6 na kina cha wastani cha mita 0.3 una eneo la mita za mraba 1.8. Limao likitumia sekunde 25 kwa mita 10, kasi ya juu ya maji ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, upate 0.34. Zidisha kwa 1.8: ni mita za ujazo 0.612 kwa sekunde, yaani lita 612. Sasa nenda kwenye mfereji. Upana wa mita 1.5, kina cha mita 0.4, limao limetumia sekunde 12.5. Ukifuata hesabu ileile utapata lita 408 kwa sekunde. Maana yake mfereji umechukua theluthi mbili ya mto.

Hesabu hii ina kosa lake, linaweza kufika hata moja ya tano. Usiogope. Mtu akikuambia mfereji wake "unachukua kidogo tu", tofauti kati ya kidogo na theluthi mbili ni kubwa kuliko kosa lolote la limao. Cha muhimu ni kupima kwa namna moja, mahali palepale, kila wiki kuanzia mwisho wa masika hadi mvua za kwanza. Katika wiki mbili za mwisho pima kila siku mbili, na pima asubuhi na jioni, maana mageti mengi hufunguliwa usiku.

Andika pia jambo ambalo vitabu vya vipimo huliacha: maji ya mfereji yanakwenda kufanya nini? Tembea uufuate mpaka mwisho. Kuna mpunga shambani? Kuna bustani? Kuna kijiji kinachoteka maji ya kunywa? Au kuna majaruba yaliyovunwa na maji yanayopotea kwenye magugu? Hilo la mwisho ndilo utakalolitumia kuliko yote mtakapokaa mezani, kwa sababu kufunga maji yale hakumnyang'anyi mtu chakula.

Hatua ya 3: Yafahamu madimbwi ya kiangazi

Mto ukikatika, uhai wote unarudi nyuma kwenye madimbwi machache. Samaki watakaozaa mwakani ni hao waliobanana humo. Kwa hiyo chagua madimbwi matatu hadi sita kutoka kwenye ramani yako, uyafuatilie kwa karibu.

Katika kila moja simika mti wenye alama, usome kina kila wiki. Pima joto la maji. Kama mnaweza kuazima kipimo cha oksijeni kutoka chuo, ofisi ya bonde la maji au ofisi ya uvuvi, pimeni alfajiri kabla jua halijachomoza. Usiku mimea ya majini na vijidudu hutumia oksijeni bila kuizalisha, kwa hiyo alfajiri ndipo samaki wanapokuwa katika hali mbaya kabisa. Ukipima saa sita mchana utapata namba nzuri na utadanganyika. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wengi huanza kutaabika. Kama hamna kipimo, tumieni macho: samaki waliopanda juu alfajiri, midomo kwenye hewa, ni kipimo tosha. Andika tarehe, saa na idadi ya kukadiria.

Viboko wanahitaji kutajwa peke yao. Mto unapotiririka, kinyesi cha kiboko ni mbolea inayosambazwa na mkondo na kulisha wadudu na samaki. Mto ukikatika, viboko wa kilomita nyingi hujazana dimbwi moja, kinyesi kinarundikana, kinaoza na kula oksijeni yote. Utafiti uliofanyika Ruaha na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika madimbwi ya aina hiyo aina za samaki na wadudu wa majini hupungua mno. Ukiona samaki wamekufa kwenye dimbwi la viboko usimlaumu kiboko. Kiboko hajabadilika. Ulioondoka ni mkondo.

Tahadhari ya kweli: usisogelee dimbwi lenye viboko au mamba kwa miguu. Tumieni darubini kutoka ukingo wa juu, mkiwa na askari wa wanyamapori. Ndani ya hifadhi hakuna kipimo chochote bila kibali.

Hatua ya 4: Hesabu samaki, na usidanganywe na kambare

Njia nyepesi ni kuhesabu mavuno ya wavuvi wenyewe. Kubaliana na wavuvi watano wenye leseni wawaonyeshe samaki wao siku moja kila wiki. Andika aina kwa jina la kienyeji, idadi, urefu na zana iliyotumika: mgono, ndoana au nyavu. Piga picha samaki ubavuni akiwa juu ya rula, ili mtaalamu wa uvuvi athibitishe aina baadaye. Majina ya kienyeji hutofautiana kijiji na kijiji, na samaki wawili wanaweza kubeba jina moja.

Kambare anaweza kuvuta hewa ya juu na kuishi kwenye tope ambalo perege hawezi. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mto mzima, mbona samaki wapo tele," tazama kapu lake. Likiwa na kambare watupu, wakati wazee wanakumbuka perege, kitoga na wengine, mto umeshapoteza watu wake na amebaki mmoja mwenye roho ngumu. Uwiano huu kati ya kambare na wengine, ukiandikwa wiki kwa wiki, ni ushahidi mzuri na hauna gharama.

Angalia pia uzazi. Perege dume huchimba kiota kama sahani kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yatotoe. Geti likifunguliwa ghafla na kina kikashuka sentimita 20 kwa usiku mmoja, viota vyote vinabaki nchi kavu. Tembea ukingoni asubuhi baada ya geti kufunguliwa, uhesabu sahani zilizokauka. Niliwahi kuhesabu 31 kwenye kipande cha mto kisichofika hatua mia. Nilipowaonyesha picha wakulima wa mfereji ule walinyamaza, kisha mmoja wao akasema hakuwahi kujua kwamba vile ni viota, alidhani ni nyayo za ng'ombe. Kuanzia pale walianza kufungua geti pole pole, kwa siku tatu badala ya saa moja.

Wapo samaki wanaohama. Ningu wa Ziwa Viktoria hupanda mito wakati wa mafuriko kwenda kutaga. Mikunga wa mitoni, wanaopatikana katika mito ya Pangani, Tanzania, na Tana, Kenya, huzaliwa Bahari ya Hindi, wakapanda mito wakiwa wembamba kama uzi, wakakulia juu na kurudi baharini kuzaa. Samaki wa aina hii hudhurika mara mbili: ukuta wa banio huwazuia kupita, na maji ya mvua za kwanza yakigeuzwa yote mferejini, ile ishara inayowaambia "ondokeni" haifiki.

Hatua ya 5: Kagua banio lenyewe

Hapa ni haraka. Ukuta una kimo gani upande wa chini? Kuna pengo au ngazi ya kupitia samaki? Mdomo wa mfereji una wavu au chekecheke ya kuzuia samaki wasiingie? Mfereji ukifungwa, nenda siku hiyohiyo ukatembee ndani yake: samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi vya mfereji wahesabu, kisha warudisheni mtoni kwa ndoo. Kazi hii vijana wa shule huipenda, na huokoa wengi.

Hatua ya 6: Tafuta kiumbe asiye na pa kukimbilia

Kila mto uliogeuzwa njia una mnyama mmoja au wawili ambao maisha yao yamefungwa na maji yale. Tanzania tulijifunza hili kwa uchungu Kihansi, kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa.

Chura wa Kihansi ni mdogo, mkubwa wao hafiki sentimita 3, na hatagi mayai bali huzaa vitoto vilivyo hai. Dunia nzima alikuwa anaishi kwenye eneo la takriban hekta mbili, palipolowanishwa na manyunyu ya maporomoko ya maji. Wataalamu walimkuta mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa tayari unajengwa. Mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilipoanza, karibu asilimia 90 ya maji yaligeuzwa kwenda kwenye mahandaki, na manyunyu yakakoma. Baadhi ya vyura walipelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na korongoni pakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji. Idadi ilipanda tena kwa muda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka, na ugonjwa wa kuvu wa vyura ukaonekana. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa korongoni kwao.

Ninachokiona hapo ni kwamba hakuna aliyemuua chura yule kwa kumgusa. Alihitaji unyevu hewani tu. Kwa hiyo unapokagua mto wako, usiishie kwa wanaoogelea. Uliza: nani anaishi kwenye manyunyu, kwenye tope la ukingo, kwenye msitu unaosubiri mafuriko? Kwenye Mto Tana nchini Kenya, tumbili wawili wa misitu ya ukingoni, mangabey wa Tana na mbega mwekundu wa Tana, hutegemea miti inayonyweshwa na mafuriko. Pangani, maji ya mto yakipungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini. Na yuko perege wa Jipe, asiyepatikana popote nje ya Ziwa Jipe na mfumo wa Pangani.

Tengeneza orodha fupi ya viumbe wa namna hiyo, na mbele ya kila mmoja andika anahitaji nini, kiasi gani, miezi ipi. Hiyo safu ya miezi ndiyo yenye uzito.

Hatua ya 7: Tenganisha mfereji na sababu nyingine

Ukiruka hatua hii, utashindwa mbele ya mtu wa kwanza atakayekuhoji. Samaki wanaweza kupungua kwa ukame, kwa nyavu za matundu madogo na makokoro, kwa utupa na sumu za kuvulia, kwa viuatilifu vya mashambani, au kwa udongo unaoporomoka kutoka milimani. Fanya ulinganisho wa aina mbili. Kwanza, pima kijito jirani chenye mvua zilezile lakini kisicho na banio. Kikiendelea kutiririka wakati chako kimekauka, ukame peke yake hautoshi kuwa jibu. Pili, linganisha juu na chini ya banio siku moja. Samaki wakifa sehemu zote mbili, tafuta sumu au ugonjwa. Wakifa chini tu, maji yakiwa yamepungua, jibu liko kwenye geti.

Ukipata kwamba mfereji si mkosaji, sema hivyo hadharani. Watakuamini siku utakapokuja na jibu tofauti.

Hatua ya 8: Peleka ushahidi panapohusika, ukiwa na ombi dogo

Tanzania, kuchukua maji kwa banio kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Kwa Ruaha ni Bonde la Rufiji, ofisi yake iko Iringa. Kibali hutaja kiasi. Omba kuona kiasi hicho, ukilinganishe na vipimo vyako. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilipanga foleni waziwazi: maji ya nyumbani kwanza, mazingira pili, matumizi mengine baadaye. Wengi hudhani samaki ni wa mwisho. Wako mbele ya umwagiliaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Kenya, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa ikolojia, na mamlaka yake ni WRA, yaani Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Anza hata hivyo na jumuiya ya watumia maji, kabla ya ofisi. Nenda ukiwa na karatasi moja: jedwali la vipimo vitatu, picha mbili, na ombi. Usiombe mfereji ufungwe. Wanaolima pale ni ndugu zetu, mpunga ule ndio ada za watoto. Omba mambo ambayo mkulima anaweza kuyakubali bila kulala njaa: geti lifungwe wiki moja baada ya mavuno, mabanio yapokezane kiangazi badala ya kuchukua yote kwa pamoja, mafuriko ya mwanzo yaachwe yapite siku tatu, geti lifunguliwe na kufungwa kidogo kidogo, na pawekwe mstari wa rangi kwenye ukuta wa banio, ambao maji ya mto yakishuka hadi hapo mfereji hubaki na maji ya kunywa tu.

Mstari ule wa rangi una nguvu kuliko barua. Mwanamke anayekuja kuteka maji anauona, mtoto anauona, na zamu ya geti haiwezi kusema haikujua.

Hatua ya 9: Rudi kiangazi kinachofuata

Makubaliano yakifikiwa, pima tena mahali palepale, kwa limao na kamba ileile ya mita 10. Usitarajie samaki kurudi mwaka wa kwanza. Tarajia kwanza madimbwi yenye kina zaidi mwezi wa kumi na siku chache zaidi za mto kutiririka. Hesabu siku hizo moja moja kwenye kalenda ya ukutani katika ofisi ya kijiji, kalamu ya bluu kwa siku mto unatiririka, nyekundu kwa siku umekatika. Mwaka wa pili au wa tatu ndipo uangalie makapu: perege wadogo wenye urefu wa kidole wakionekana kabla ya mvua, wazazi wao walivuka kiangazi wakiwa hai.

Mtu wa zamu ya geti apewe nakala ya kalenda hiyo, na apigiwe simu siku kalamu nyekundu inapotumika.